Shingo Iliyokataa Kurudi

Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye wodi ya watoto, hapa Bariadi, mvua za masika zilipotuletea malaria kuliko kawaida. Vitanda havikutosha. Watoto walilala wawili wawili, mmoja kichwani mwingine miguuni, na mama zao wakakaa sakafuni kwenye kanga. Zamu ya mchana tulikuwa wauguzi wawili, na siku ninayoielezea mwenzangu alikuwa amesindikiza mgonjwa wa rufaa Mwanza. Nikabaki peke yangu.

Miongoni mwa watoto hao alikuwepo binti wa miaka tisa kutoka upande wa Mwanhuzi. Aliletwa na bibi yake, mzaa mama, kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa na kichanga cha wiki mbili nyumbani. Malaria yake haikuwa ya kutisha. Kilichomsumbua ni kutapika. Alitapika uji, akatapika maji, akatapika hata mate. Daktari akaagiza aongezewe maji kwenye mshipa na apewe sindano ya metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, kila baada ya saa nane.

Kipimo cha dawa kwa mtoto hufuata uzito wake. Binti alipopokelewa hakuweza kusimama kwenye mzani, na mimi nilikuwa na foleni ya watoto mlangoni. Nikamuuliza bibi umri wa mtoto, nikamtazama alivyo mrefu, nikaandika kilo ishirini na sita. Tulikuwa tukifanya hivyo mara nyingi. Daktari akaweka kipimo kwa kuufuata uzito huo. Nikamchoma sindano ya kwanza asubuhi mapema na ya pili saa nane mchana. Kutapika kukakoma, na nikafurahi.

Ilipokaribia saa kumi bibi alikuja mezani kwangu. Hakuwa akikimbia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa watu wa ng'ombe, na aliongea taratibu kwa Kisukuma. Mimi ni mzaliwa wa Nassa, kwa hiyo tulielewana bila shida.

"Mayu," aliniambia, yaani mama, "shingo ya mtoto imekataa kurudi."

Nilimfuata. Kichwa cha binti kilikuwa kimepinda kuelekea bega la kushoto kana kwamba mtu anakivuta. Macho yalitazama dari, taya limebana, ncha ya ulimi iko nje. Mgongo ulianza kujikunja. Kina mama waliokuwa karibu walivuta watoto wao pembeni wakisema amepagawa.

Nilichokiona mimi ni degedege, na nikawaza kwamba malaria imepanda kichwani. Palepale kitandani nilimpigia simu daktari wa zamu, yuleyule aliyeagiza sindano, nikamwambia hivyo. Alikuwa anatoka chumba cha upasuaji, akasema nimpe dawa ya degedege na kwamba anakuja. Mjomba wa mtoto, aliyefika siku hiyo kumwona, alisimama miguuni pa kitanda akasema huo si ugonjwa wa hospitali. Alitaka tumchomoe mpira wa maji mkononi amwondoe, kabla hajafia mikononi mwetu. Nilimjibu kwa ukali asubiri, nikaenda kabatini kutafuta dawa.

Nilikuwa nimeshafungua kichupa cha dawa na kuivuta kwenye sindano bibi aliponishika kiwiko.

"Ananisikia," alisema. "Nimemwambia abane kidole changu, amebana. Nimeona degedege kwa watoto wangu wawili. Mtoto wa degedege hayupo pale, huyu yupo. Na haya yameanza baada ya ile sindano yako ya mchana."

Niliweka sindano kwenye trei. Niliinama karibu na uso wa binti, nikamwambia kwa Kisukuma kwamba kama ananisikia anibane mkono mara mbili. Alibana mara mbili. Machozi yalikuwa yakimtoka na kuingia sikioni, kwa jinsi kichwa kilivyolala.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa chuo, ambaye siku moja alikunja shingo yake mbele ya darasa akabaki vile, sisi tukacheka. Alikuwa anatuonyesha jinsi dawa hii hii inavyoweza kukaza misuli, hasa ya watoto na vijana. Nilipiga simu tena. Nilimwambia daktari kwamba mtoto ana fahamu zake zote, na amechomwa metoklopramidi mara mbili tangu asubuhi. Akaniuliza kama wodini tuna promethazini, dawa ya mzio ambayo pia hulegeza misuli iliyokazwa namna hiyo.

Alifika akiwa bado na nguo za upasuaji. Alimchunguza mwenyewe, akamchoma ile dawa polepole kwenye mshipa, akakaa kitandani akimshika mkono. Tulisubiri kama robo saa. Kwanza ulimi ulirudi ndani, kisha taya likalegea, na mwisho shingo ikageuka kidogo kidogo hadi binti akamtazama bibi yake ana kwa ana. Aliomba maji. Mjomba alitoka nje.

Baadaye daktari aliniambia jambo ambalo bado nalifikiria. Ile dawa ya degedege niliyotaka kumpa ingeweza kulegeza shingo vilevile. Sote tungeamini kwamba tumetibu malaria ya kichwani, tungeandika hivyo kwenye faili, na saa nne usiku angechomwa tena dawa ileile.

Asubuhi iliyofuata binti aliweza kusimama. Nilimpeleka kwenye mzani mwenyewe. Kilo kumi na tisa.

Nilimwonyesha daktari. Alisema jambo hili huweza kutokea hata kipimo kikiwa sahihi, ila kikizidi hatari huongezeka, na kwamba sahihi yake ipo chini ya uzito niliouandika, hivyo kosa si langu peke yangu. Mwenzangu aliyekuwa amerudi kutoka Mwanza alinishauri nisijaze fomu ya madhara ya dawa. Mtoto amepona, alisema, kwa nini ujitafutie barua ya onyo? Niliijaza. Niliandika uzito niliokisia na uzito halisi. Barua haikuja. Wiki mbili baadaye mfamasia alituitisha kikao kifupi, na tangu hapo hakuna mtoto anayeandikiwa dawa kabla ya kupimwa. Asiyeweza kusimama hubebwa na mzazi, wanapimwa pamoja, kisha tunatoa uzito wa mzazi.

Kumwambia bibi kulikuwa kugumu kuliko fomu. Nilimkuta nyuma ya wodi akifua, nikachuchumaa, nikamweleza kwamba dawa niliyompa mjukuu wake ilizidi kwa sababu sikumpima. Aliendelea kukamua kanga hadi ikaisha maji.

"Ungeniuliza kama naweza kumshika juu ya mzani," alisema, "ningemshika."

Kisha akaniomba nimwandikie jina la dawa ile. Nililiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la kliniki la mtoto, na nikamfundisha kulitamka mpaka likakaa.

Binti mwenyewe hakunisemesha kwa siku mbili. Alimeza vidonge vyake vya kumalizia akiwa ametazama ukutani. Siku ya kuruhusiwa, bibi akikunja shuka, binti aliniambia kwamba siku ile alisikia yote: mjomba aliposema anakufa, kina mama waliposema amepagawa, na mimi niliposema malaria imepanda kichwani. Alitaka kusema hapana lakini mdomo haukufunguka.

"Na wewe uliogopa?" aliniuliza.

Nilimwambia niliogopa sana. Alivaa ndala zake, akamfuata bibi yake nje kwenye jua.