Chini ya Blanketi Moja

Majani ya mkaratusi yakichemka jikoni kwangu, hunirudia harufu ya lile blanketi zito la kijijini kwetu, karibu na Kilosa.

Mama hakungoja kikohozi kikomae. Nikipiga chafya asubuhi, jioni nimeshafunikwa juu ya sufuria ya mvuke, jasho linanichuruzika. "Kifua hakichezewi," alisema, huku ameweka sikio mgongoni mwangu.

Jioni moja, nikiwa humo chini ya blanketi, nilimsikia baba akirudi kutoka kiwanda cha mkonge.

"Shikamoo, baba."

"Mara..." Kikohozi kikalikata neno. "Marahaba."

"Ingia na wewe," mama akamwambia.

"Hili vumbi la nyuzi tu, mama watoto. Litatoka."

"Linatoka tangu masika. Ingia."

Akainama, akaingia. Nywele zake zilinuka mkonge. Gizani nikasikia kifua chake kikilia kama mlango unaofunguliwa taratibu. Nikapumua polepole, ili anifuate.

Maji yalipopoa, mama alitufunua. Mimi pua zilikuwa zimeshazibuka. Baba akalivuta tena blanketi kichwani.

"Niacheni kidogo," alisema.