Mkurugenzi Alikataa Kubandika

Mtoto wa marehemu kaka yangu tulimwita Mkurugenzi tangu akiwa mdogo. Alikuwa akipanda juu ya belo la mitumba pale kwenye meza yangu sokoni, anakunja miguu, kisha anaanza kutoa amri.

"Shangazi, hiyo sketi itundike mbele. Ile ya kijani ifiche, ina doa."

Jirani yangu muuza viatu, mtu mzima na mvi zake, alikuwa akimpitia kila asubuhi. "Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba," anaitikia, wala hacheki.

Nimemlea kwa nguo ambazo watu wengine walizichoka, na Mungu hakutuacha. Akafika chuo, akasoma biashara. Mwaka wa mwisho wanafunzi hupelekwa mafunzo ya kazi, yaani unafanya kazi bila mshahara ili chuo kione kama umeelewa. Yeye akapata nafasi ng'ambo, tena kwenye kampuni inayofunga mabelo. Hayo hayo ninayofungua mimi. Aliponiambia, nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Asiyeuza mitumba nimweleze kidogo. Belo hununuliwa likiwa limefungwa. Unalipa kwanza, unalibeba mpaka kwenye meza yako, ndipo unakata kamba. Hapo moyo unadunda kuliko siku ya kuposwa. Likitoka zuri, unamshukuru Mungu. Likitoka matambara, unamshukuru pia, ila kwa sauti ya chini, na tajiri wa stoo aliyekuuzia hakujui tena.

Huko ng'ambo walimpokea vizuri. Alinipigia simu ya picha, akanionyesha meza yake, kiti kinachozunguka na dirisha linalotazama malori. Amevaa makoti mawili, pua tu ndiyo inaonekana. Bosi wake alikuwa mtu wa kuchekacheka, akimletea kahawa kwa mkono wake.

Baadaye wakamshusha ghalani ajifunze upangaji. Huko ndiko alikoona. Nguo nzuri chini, nguo nzuri juu, na katikati, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki, wanashindilia mashati yasiyo na kola, suruali zilizochanika, soksi zisizo na wenzao. Mashine inabana, kamba inapita. Kisha yeye akapewa kibandiko cha kubandika juu: gredi ya kwanza.

Akabaki nacho mkononi. Bosi akamwambia abandike tu, mzigo unaenda mbali.

"Mbali wapi?"

"Huko kwenu. Watu wa huko hawana shida. Miaka yote hii sijapigiwa simu hata na mteja mmoja."

Ndipo mtoto huyu akatoa simu mfukoni, akanipigia mimi.

Nilikuwa nakunja blauzi. "Shangazi, niko na bosi wangu hapa," akasema. "Anasema wateja hawampigii simu. Nimemsaidia."

Kwenye kioo cha simu nikamwona bwana mmoja nadhifu, miwani ameipandisha kichwani. Nikamsalimu, nikamuuliza hali ya familia, maana ndivyo nilivyolelewa. Mkurugenzi akatafsiri. Familia haikuwa na neno.

"Muulize na kuku wake," muuza viatu akaninong'oneza.

Nikachukua shati langu la kufutia vumbi, mkono mmoja hakuna, nikalinyoosha mbele ya simu. "Mwambie hili lilikuja katikati ya belo, na nililipia kama shati. Sina hasira naye. Ila aache."

Sijui kama alitafsiri vilevile au alitia chumvi. Yule bwana aliteremsha miwani, na simu ikakatika.

Jioni akanipigia tena, sauti imelowa. Bosi amempa mawili: abandike, au aondoke bila barua ya kumaliza mafunzo. Na bila barua, shahada hakuna mwaka huu.

"Shangazi, ukiniambia nibandike, nitabandika."

Nilijua ndugu watasema nini. Nilijua pia ni miaka mingapi ya kuamka gizani iliyomfikisha pale. "Siwezi kukuambia hivyo," nikasema. "Kila nikikata kamba nitakuwa najiuliza kama ni mkono wako uliobandika."

"Basi sibandiki."

"Basi rudi nyumbani. Chakula kipo."

Akarudi. Mdogo wangu, ambaye kwake ni baba mdogo, hakumngoja hata avue viatu. "Wenzako wanakwenda ng'ambo wanarudi na magari. Wewe umerudi na msimamo."

"Na haunywi mafuta, baba mdogo," akajibu.

Usiku ule nilimwombea mdogo wangu. Yule bosi nilimwombea pia afya njema, ila mafanikio sikumwombea.

Chuo kikasema arudie mafunzo, popote penye biashara iliyosajiliwa. Umoja wetu wa wauza mitumba umesajiliwa, una muhuri, na mwenyekiti ni mimi. Tukamchukua. Hata wiki haijaisha, akatukusanya akasema kuanzia sasa hakuna kulipia belo ambalo halijafunguliwa mbele ya macho yetu.

"Tajiri atatufukuza," mwenzetu mmoja akasema.

"Akitufukuza wote, atamuuzia nani? Mke wake?"

Siku ya mzigo mpya tukaingia stoo wote. Tajiri akasema jambo hilo halijawahi kutokea. Tukamwambia ni kweli, halijawahi. Kisha tukakaa juu ya mabelo yake, kila mtu na lake, pesa zimo kifuani na hazitoki. Mmoja akaanza kumsuka mwenzake nywele. Tajiri alifoka, akabembeleza, akafoka tena.

Katikati ya hayo akatokea mwalimu wa chuo, faili kwapani. Amekuja kumkagua mwanafunzi wake, na muuza viatu ndiye aliyemwelekeza.

"Namtafuta meneja anayemsimamia huyu binti."

"Ndiye mimi, mwalimu. Karibu."

Akatazama kuta, akatazama wanawake. "Na hapa anafanya kazi gani?"

Mkurugenzi alikuwa juu ya belo kubwa kuliko yote, amekunja miguu, wala hakushuka.

"Hiyo," nikasema. Nikasogea, nikampa mwalimu nafasi akae. Kule nyuma ya stoo tajiri alikuwa akipekua droo moja baada ya nyingine, akitafuta kisu cha kukatia kamba.