Maji Aliyokataa Kumwaga Ruthu

Mwaka reli ya Mjerumani ilipofika Dodoma, shangazi yangu Zipora alikuwa ameshawaongoza wanawake kwenda kuchukua chumvi mbugani Bahi kwa viangazi ishirini. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na hakuwa na subira hata chembe na watu wenye mizigo mingi.

Safari ile tulikuwa wageni watatu, hatujawahi kulala nje: mimi Hana, Ruthu aliyeolewa miezi minne tu, na mama mkwe wake, Emilia, ambaye miaka yote alikuwa akinunua chumvi. Emilia alikuja na kigoda, ungo na jogoo wa kumwamsha. Kabla hatujaondoka alimwambia Shangazi mbele yetu sote, "Huyu msichana wa misheni anajua kusoma tu. Akirudi mikono mitupu, namrudisha kwao."

Ruthu alimpenda mumewe. Siku mbili za njia hakugusa chakula.

Shangazi alitufundisha kuzungushia kambi miiba na kutandika ngozi chini. Tuliona raha kama watoto, ingawa jogoo aliwika kila alipojisikia.

Asubuhi tulikwangua udongo wenye chumvi. Shangazi akasema tuuoshe, akaenda zake kutafuta kuni. Ruthu akauosha wake kama mtu aoshavyo mtama: akayaondoa maji machafu, akaurundika udongo safi kando ya moto.

"Maskini!" Emilia akapiga makofi. "Chumvi kaimwaga na maji, sisi katuletea tope!"

Ruthu akaanza kulia. Mimi nilikasirika, nikatamani kumnyonga yule jogoo. Emilia akacheka mpaka akapaliwa, akanyakua buyu lililokuwa karibu, akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Akatema yote juu ya kigoda chake.

"Nani katia chumvi humu?"

"Ni yale maji, mama," Ruthu akasema kwa sauti ndogo. "Sikuyamwaga. Misheni tulikatazwa kumwaga maji machafu mahali watu wanapokaa."

Shangazi aliporudi na kusimuliwa, alitupa kuni akaketi chini, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akayachuja yale maji, akayainjika. Yalipokauka chunguni, Ruthu alikuwa na chumvi kunizidi mimi. Nilifurahi utadhani ni yangu.

Shangazi alikuwa na sheria yake: chumvi ya kwanza ya mgeni haibaki kwake mwenyewe, anampa mtu amtakaye. Tulidhani Ruthu atampelekea mumewe. Akapiga goti, akaiweka mikononi mwa Emilia.

"Pokea, mama."

Emilia aliipokea. Akainuka, akamkamata jogoo wake, akamchinja. Akamuunga kwa chumvi ile ile, na paja la kwanza akampa Ruthu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kesho utanifundisha kuosha udongo."

Ruthu akala mpaka akauvunja mfupa.