Lin wa Gienia

Teofil Wasiluk hakuwa mtu wa kuamini mambo ya vibibi. Miaka yote aliyochoma matofali kwenye tanuri la kijiji chao, kule Podlasie, mashariki ya Poland, alikuwa akiwacheka wanaomfunga mtoto uzi mwekundu mkononi kuzuia jicho baya. Teofil alimcheka hata padri, ila kimoyomoyo, kwa sababu mkewe Gienia alikuwa mtu wa kanisa na tena alikuwa na ulimi. Alipostaafu akabaki na vitu viwili tu vya kumtoa kitandani: Gienia, na kuvua samaki kwa boya. Ukimuuliza kipi kinatangulia, alikuwa anakwambia inategemea na mwezi.

Basi huyo huyo ndiye aliyeonekana asubuhi moja ya Juni, umande haujakauka, anakwenda bwawani na ndoo yenye kifuniko, akiomba kwa dhati ya moyo apate samaki wa kumlaza juu ya tumbo la mkewe. Usimcheke. Mfa maji haachi kutapatapa, na wewe siku yako ikifika utashika hata unyasi.

Mficha maradhi kilio humfichua, na Gienia aliyaficha yake majira yote ya baridi, mpaka macho yalipogeuka rangi ya kiini cha yai. Hospitalini daktari alimwita Teofil ukumbini, akamwambia ni saratani ya kongosho, imeshakula mpaka ini, hakuna tena la kukata wala la kushona. Amrudishe nyumbani ampikie anachokitamani. Teofil akarudi wodini akamwambia mkewe kwamba ni nyongo tu, imeziba, itapita. Gienia akamtazama, kisha akaomba kitana.

Nyumbani hakutamani kupikiwa kitu. Alichotaka ni lin. Huyo ni samaki wa maji yaliyolala, mnene, wa kijani kilichoungua kidogo, mwenye jicho dogo jekundu na ute mwingi kuliko bamia. Mimi niliyekaa na watu hawa hadi nywele zikaota mvi sijawahi kulisikia jina lake bila kutabasamu, maana kila anayekwenda kumtafuta lin swali lake ni hilo moja: lini? Watu wa zamani wa huko wanasema ute wake ni dawa, na kwamba hata samaki wenzake wakiugua huenda kujisugua kwake.

"Nyanya yangu alikuwa akiwatibu wagonjwa wa manjano kwa lin," Gienia alisema. "Unamlaza hapa juu ya ini, yuko hai. Anaufyonza ugonjwa. Akifa, basi umetoka."

"Na asipokufa?"

"Samaki nje ya maji, Teo. Asipokufa atakwenda wapi?"

Siku nyingine Teofil angeangua kicheko. Siku ile alisema sawa, akaenda nyuma ya zizi kuchimbua nyungunyungu wekundu kwenye lundo la samadi.

Bwawa lenyewe ni lile shimo walikotoa udongo wa matofali. Kiwanda kilipofungwa pampu zikazimwa, maji yakapanda, yungiyungi zikaota, matete yakazunguka, samaki wakaletwa na bata au na walevi, hakuna anayejua. Teofil alikaa mahali pake penye mteremko, akatupa ngano ya kuchemsha na makombo ya mkate karibu na majani ya yungiyungi, akapima kina kwa chubwi, kile kirisasi cha kuzamishia uzi, akaweka chambo kigusane na tope. Boya lake lilikuwa la unyoya wa bata bukini, alilichonga mwenyewe, ncha nyekundu. Akakaa, akalikazia macho.

Karasi ndio waliokuja kwanza. Karasi ni mviringo kama sahani na rangi yake ni shaba iliyosuguliwa, na ukimkaanga ukammwagia krimu chachu, hata mgomvi hunyamaza mezani. Boya likatetemeka, likasogea kando kidogo kidogo kama mtu anayeaga huku hataki kuondoka, Teofil akavuta, karasi. Akatupa tena, karasi. Miaka yote alikuwa akiwaleta hao nyumbani kwa maringo, na Gienia akiwaparua magamba barazani huku akimsema kwa viatu vyake vya tope. Leo aliwang'oa ndoanani na kuwarudisha majini kwa hasira, kana kwamba walikuwa wamekaa kwenye kiti cha mwenzao.

Jua lilipokuwa limeshapanda akaja Walery, jirani yake tangu utoto, na fimbo yake ya kuvulia begani. Walery ni mtu wa mzaha, anaweza kumtania hata maiti. Sasa, kwa watu hawa mvuvi haombewi heri. Ukimwombea heri umemwekea nuksi. Unamwambia avunje fimbo, naye hajibu kitu, na zaidi ya yote hasemi asante, kwani ukishukuru umekwisha lipwa, huna unachodai tena majini. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

"Uvunje fimbo, mzee!" Walery akapaza.

"Asante," akasema Teofil.

Walery akasimama palepale. Alimuuliza kama amelewa asubuhi yote hiyo, au ameanza kuwa mjinga kwa uzee, maana siku ameshajiharibia, heri afunge vitu vyake akalale. Aliendelea hivyo kwa muda, akifurahia kweli kweli, mpaka alipomwona jirani yake akimrudisha karasi mkubwa majini. Ndipo akaiangalia ndoo. Mvuvi anayevua samaki wa chunguni hahitaji ndoo yenye maji safi na kifuniko. Kijiji kizima kilijua hali ya Gienia, na Walery naye alikuwa na nyanya.

"Unatafuta lin," akasema.

 Kidevu cha Teofil kilikuwa kinacheza, na mtu mzima kidevu kikimcheza humtazami usoni. Walery akakaa kwenye majani, akaiweka fimbo yake chini bila hata kuifungua uzi, asije akayachafua maji. Hakutania tena. Baada ya kitambo akamuuliza kama amekunywa chai, akammiminia yake.

Lin hana papara. Kwanza humwoni, unaona viputo vyake tu, vidogo vidogo, vinachemka kutoka kwenye tope anakochimba na pua. Vikaja karibu na majani. Vikakoma. Vikaja tena, karibu na boya.  Na lin hazamishi boya kama samaki wengine. Yeye hukiokota chambo kutoka chini, akainua na chubwi, na boya likikosa uzito linapanda juu, linajilaza kwenye maji, linalala kabisa. Ni mpaka lilale ndipo unavuta. Hilo Teofil aliwafundisha wengine kwa miaka. Boya likapanda, na mkono wake, mkono ule ule uliojua, ukavuta kabla ya wakati. Ndoana ikarudi tupu.

Teofil akatukana, kisha akalia. Alilia waziwazi, kofia mkononi, na Walery akageukia upande wa matete akawa anavitazama vikereng'ende.  Alichokitaka Teofil hakikuwa samaki. Alitaka Gienia abaki, na kati ya vyote vilivyoko duniani kumvua lin ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kufanya kwa mikono yake.

Kengele ya kanisa ikalia ya adhuhuri. Walery akavua kofia, akajipiga msalaba, na Teofil, ambaye hakuwahi, akajipiga pia. Akachomeka nyungunyungu mpya, akatupa pale pale. Jua lilikuwa limesimama na hakuna anayevua lin saa hiyo, hata vitabu vinakataa. Viputo vikarudi. Boya likapanda, likainama, likalala. Akalisubiri lilale mpaka mwisho, akavuta, na fimbo ikapinda hadi kwenye kishikio.

Samaki yule alikimbilia kwenye yungiyungi, akazuiwa, akachimba kwenda chini, akakaa kule kama gogo. Teofil hakumlazimisha. Alimsihi kwa sauti, akimwita baba, akimwita mtu mwema, mambo ambayo Walery hakuja kumsimulia mtu hata alipolewa. Mwisho ubavu wa kijani ukajitokeza juu ya maji, Walery akaingia na suruali yake mpaka mapajani, akamchota kwa kimia. Alikuwa lin mkubwa, mwanana, jicho jekundu limetulia. Wakamweka ndooni. Walery akasema, "Haya, nenda."

Gienia alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa kanzu safi ya kulalia na kutandika taulo juu ya shuka, kwa shida gani Mungu ndiye anajua, maana kwenda chooni tu alikuwa anashikwa. Teofil akamlaza lin pale alipoonyeshwa, chini ya mbavu za kulia, kwenye ngozi iliyokuwa ya manjano kama nta, akamfunika kitambaa kibichi. Gienia akaruka kidogo, kisha akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu Pasaka.

"Baridi kama miguu yako," akasema.

Wakangoja. Teofil alikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja juu ya kitambaa, na chini ya kiganja akasikia mashavu ya samaki yakifunguka na kufunga, na chini ya samaki akasikia pumzi ya mkewe. Gienia alimsimulia habari za nyanya yake, jinsi alivyokuwa anawakaripia wagonjwa, kisha maneno yakapungua, akasinzia. Alasiri ikapita hivyo. Mashavu ya samaki yakaanza kuchelewa, yakachelewa zaidi, hatimaye hayakufunguka.

Teofil akambeba polepole hadi jikoni. Mlango hakuufunga, asije akaitwa asisikie. Akamtia ndooni ili amwone vizuri, na lin akageuka tumbo juu. Na tumbo lilikuwa la manjano! Teofil akashika meza. Alifurahi, kwa nini nifiche, alimfurahia samaki mfu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba tumbo la lin ni la manjano siku zote, hata aliyetolewa majini sasa hivi. Alikuwa bado analikumbuka hilo pale mkia ulipocheza. Lin akajitikisa, akajigeuza mgongo juu, akaanza kuzunguka ndani ya ndoo, mzima kama alivyoletwa.

Lin ni sugu. Mfungie kwenye majani mabichi, safiri naye nusu siku, mtie kwenye beseni, ataamka. Teofil alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote wa pale. Lakini mwenye kutaka kuamini huweza kulisahau hata jina lake. Akauchukua mti wa kusukumia unga, akauinua juu ya ndoo, akaurudisha mezani. Hakumwonea huruma samaki. Aliona tu kwamba lin akifa kwa mti, ugonjwa hautakuwa umekwenda popote.

"Teo," Gienia akaita. "Amekufa?"

Akaenda akasimama mlangoni pa chumba. Kitambaa kibichi kilikuwa bado mkononi.

"Amekufa," akasema. "Amekuwa wa manjano tumbo zima."

Na jikoni lin akapiga maji kwa mkia, pwaa, mpaka yakamwagika sakafuni.

 Teofil alitamani ardhi ipasuke. Gienia alikuwa akitazama dari, na uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulilivuta shuka taratibu mpaka kifuani.

"Basi kamzike," akasema. "Karibu na dirisha, nisikie. Nyanya alikuwa anawazika."

Akatoka na ndoo na sepetu. Akachimba chini ya dirisha lililokuwa wazi, shimo la haki, lenye kina, maana alijua anasikilizwa. Lin alikuwa akizunguka ndooni pembeni yake. Akalitazama shimo, akamtazama samaki, kisha akafukia shimo tupu, akaushindilia udongo kwa mgongo wa sepetu ili sauti ifike. Ndoo akaifunika, akaipeleka kisimani kwenye kivuli. Kesho yake Walery ndiye aliyemrudisha lin bwawani.

Aliporudi ndani mikono ilikuwa na udongo. Gienia akamwonyesha mahali pa kukaa, palepale ukingoni.

"Umefukia?"

"Nimefukia."

"Umechimba vizuri. Nimesikia." Akaushika mkono wake na udongo wake. "Langu usichimbe wewe, Teo. Waambie kina Walery. Siku hiyo wewe ukae na mimi ndani mpaka watakapokuja kunitoa."

Teofil akafungua mdomo aseme tena habari ya nyongo, ya kuziba na kupita.  Badala yake akamwambia sawa, akamfunika miguu.