Mwano Kutoka Nyumba Iliyotengwa

Kijiji tulichohamia, upande wa Kishapu, kilikuwa na usalama mwingi mpaka ukawa kero. Mimi nilizaliwa Shinyanga mjini, kwenye nyumba za mabati zilizobanana, ambako ulinzi wetu ulikuwa kufuli moja na jirani mbea. Jirani mbea ni kinga kubwa, asikudanganye mtu. Huku mashambani nyumba ziko mbalimbali, katikati pamba na mbuga tupu, na mwanzoni mwa miaka ya themanini wezi wa ng'ombe walikuwa wamewachosha watu. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Kwa hiyo wanakijiji wakajilinda wenyewe, wakajiita sungusungu, na mtu aliyewahi kukanyaga siafu hao weusi hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Tulikwenda huko kwa sababu mjini mafundi walikuwa wengi kuliko vitambaa. Tulipofika, hata kabla hatujapata kuni, tulipewa filimbi na sheria. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mwano ukipigwa, yaani yowe la hatari, iwe kwa filimbi au kwa mdomo, kila mwanamume aache alichoshika akimbilie linakotoka, na upinde wake. Asiyekimbia anatengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi, haazimwi moto, na kisimani anasubiri wenzake waondoke ndipo ateke. Anayemsemesha naye anatengwa.

Mwano wa kwanza mume wangu alikimbia. Upinde hakuwa nao, akachukua mkasi. Alirudi jioni vumbi tupu, wenzake wakimcheka kwamba fundi alitaka kumkata mwizi suruali. Alicheka nao, lakini nilimjua mume wangu. Alikuwa mtu wa kufikiri, na kufikiri ni ugonjwa mbaya ukiwa mgeni.

Mwano wa pili ulipolia, alibaki kibarazani. Kamanda wa walinzi, mzee mrefu mwenye sauti ndogo, alimwita mbele ya mkutano aeleze.

"Wanaume wote mlikimbilia kaskazini," mume wangu akasema. "Nikajiuliza, wezi wakija kutoka kusini, atakuwepo nani? Nikabaki kulinda kijiji."

"Kuna kilichoibwa kijijini?" kamanda akauliza.

"Hakuna."

"Basi hapakuwa na haja ya mlinzi."

"Na kingeibwa je?"

"Kingeibwa, mwizi angekuwa wewe. Nani mwingine alikuwepo?"

Tulitengwa siku hiyohiyo, na filimbi yetu ikachukuliwa, maana nyumba iliyotengwa haina haki ya kuita mtu.

Nilikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Mara ya kwanza nilijifungulia mjini, nikiwa na mama yangu na mashangazi na kila aina ya msaada, na bado nilimzika mtoto. Sasa nilikuwa na mume, cherehani na ukuta. Mkunga wa kijiji alikuwa mmoja, naye alikuwa mke wa kamanda. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, na hofu kwangu hutoka kama hasira. Nilimgombeza mume wangu kutwa. Nikamwambia akili zake azishonee mfuko azitundike.

Nitasema kweli, tulikuwa salama. Pengine hapakuwa na nyumba salama kuliko yetu mkoa mzima. Kuku wetu walilala nje. Nilisahau sufuria uani nikaikuta palepale. Mwizi wa hapohapo kijijini, kama alikuwepo, naye alikuwa mwanakijiji na aliogopa kutengwa. Hakuna aliyetaka kuonekana akitoka kwetu, hata na sufuria yetu.

Ila kisimani nilikiona cha moto. Nikimwamkia mkunga yule, "Shikamoo, mama," anainua ndoo yake, anatazama maji, anakwenda zake. Kwa Wasukuma salamu ndiyo mtu mwenyewe. Wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mpaka jua linahama. Kunyimwa "marahaba" na mwanamke kama yule kuliniuma kuliko kunyimwa chumvi. Nilimwona ana roho ya jiwe, nikamwapiza njia nzima.

Uchungu ulinishika asubuhi, jua limeshachomoza. Mume wangu alizunguka kijiji akitafuta mkokoteni wa ng'ombe wa kunipeleka zahanati. Watu walimwona anakuja wakaingia ndani. Alirudi peke yake, futi ya kupimia ingali shingoni, akasimama mlangoni akilia waziwazi. Sikuwahi kumwona hivyo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, nilimsikia, na nilijua kabisa kwamba nikiachwa na fundi cherehani nitazika tena, kama si kuzikwa mimi.

Hapo hasira ikanisaidia. Sheria ilisema mwano uitikiwe. Haikusema wa nani. Filimbi walichukua, koo wakaniachia. Nikashika kizingiti cha mlango, nikapiga mwano ambao nadhani hata ng'ombe wa kijiji cha pili waliusikia wakajiandaa.

Kijiji kizima kilikuja. Walikuja mbio na pinde na mishale na marungu, wanawake na mishipi viunoni, wakaizunguka nyumba. Halafu wakasimama kimya. Asiyeitikia mwano anatengwa, na anayemsemesha aliyetengwa anatengwa. Walikuwa wametekeleza sheria ya kwanza vizuri sana, sasa ya pili imewakaba. Kamanda alitaka kuuliza mwizi yuko wapi. Akamtazama mume wangu, akafunga mdomo. Mwishowe akaugeukia ukuta wetu, akauliza, "Mwizi kapita wapi?"

Ukuta haukujibu. Nikapiga yowe jingine, la uchungu safari hii, na mke wake akaelewa. Akampa mtu fimbo yake, akampita mumewe kama anapita mti, akaingia.

Hakunisemesha. Alinilaza, akanikagua kwa mikono, uso wake ukabadilika. Kisha akainamia tumbo langu.

"Wewe mtoto," akasema, "mwambie mama yako aache kelele avute pumzi."

Nilidhani nimeanza kuweweseka.

"Mwambie alale ubavu. Mwambie nitakugeuza, na itauma."

Mtoto hakuwa ametengwa. Hakuna mkutano uliomtaja. Basi mama yule alizungumza naye muda wote, akimtuma kwangu kama mtu anavyomtuma mtoto dukani, na mimi nilitii kila nilichoagizwa. Iliuma kama alivyoahidi. Nje pinde zilikuwa zimesimama, sikusikia hata mtu akikohoa.

Alitoka wa kike, kitovu kimemzunguka shingo, kimya, rangi si yake. Nilimwona mkunga akikifungua kitovu, akimpangusa, akimpulizia, akimpiga nyayo. "Lia, ng'wanone," alimwambia. "Lia, mwanangu, lia." Nikafumba macho, kwa sababu nilishawahi kuona kinachofuata.

Akalia.

Kamanda huko nje akasahau cheo. "Mtoto gani?" akauliza kwa sauti. "Wa kike!" mume wangu, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akapiga kelele, na wanaume wote wakaanza kumpongeza fundi kwa pamoja, wakimpiga mgongoni kwa mikono ya pinde. Walipokumbuka, walikuwa wameshavunja sheria kijiji kizima. Walikaa palepale uani wakajadili. Ikaonekana kwamba kama ni kutenga, hatabaki wa kumtenga mwenzake, kwa hiyo tukasamehewa kwa kukosekana wa kututenga.

Ndani, habari hizo zilikuwa hazijatufikia. Mkunga alinisafisha, akaninywesha uji kijiko kwa kijiko, bado hanitazami. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

"Mwambie mama yako," akamwambia polepole, "kila alfajiri nilikuwa nakuja nyuma ya nyumba hii. Nasimama pale kwenye ua wa minyaa, nasikiliza kama ameshikwa. Mwambie ningeingia tu. Wangenitenga, wangenitenga."

Nilimtazama mwanamke niliyemwapiza njia nzima ya kisimani. Nilitaka kumshukuru, lakini kilichonipanda kilikuwa hasira, na machozi yakaja nayo. Nikamgeukia binti yangu.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "angekohoa tu, nikajua yupo."