Stika za Kifuani kwa Jastin

Tusekile ni wetu, wa Isongole, na anayeona sifa zake zimezidi akatafute wa kwao. Ni mfupi, tena kwenye chumba cha upasuaji wamemwekea kigoda, lakini mtaalamu wa usingizi ndiye yeye: mgonjwa akishalala kwa dawa, uhai wake uko kwa huyo huyo mfupi. Jicho moja kwenye mstari wa moyo, jingine kwenye oksijeni ya damu. Akija likizo, sufuria ikilia tu, shingo imegeuka.

Siku hiyo aliyelala alikuwa Jastin, muuza mitumba wa Tunduma, akipandikizwa figo ya dada yake Witness. Mama yao mkubwa, Fausta, alikuwa amesafiri naye kutwa nzima kwa basi mpaka hospitali kubwa anakofanya kazi Tusekile.

Daktari Yesaya alimaliza kushona mishipa, akaachia vibanio. Damu ikaingia, figo ikaona haya, ikawa nyekundu. Papo hapo mashine ikapiga kelele. Mstari wa moyo umelala bapa!

"Moyo umesimama! Mkandamizeni kifua!" Yesaya alipaza sauti.

Wakimkandamiza, mishono mibichi itachanika, na Witness hana figo nyingine ya kugawa. Wasipomkandamiza na moyo umesimama kweli, Jastin ndiyo basi tena.

"Subiri, daktari," alisema Tusekile.

"Nisubiri nini, wewe? Mazishi?"

Tusekile alikuwa ameshatazama namba ya pili, ya oksijeni. Kibanio cha kidoleni kilionyesha tisini na nane, na mawimbi yake yalipanda na kushuka kama kawaida. Moyo uliosimama unasukuma nini mpaka kidoleni? Akagusa shingo ya Jastin: du, du, du. Akapenyeza mkono chini ya shuka, akakuta stika mbili za kifuani, zile zinazosoma moyo, zimeteleza mpaka kwapani. Mafuta! Asubuhi aliyafuta, ila hakuyamaliza. Joto la shuka likayayeyusha. Akakausha ngozi, akabandika nyingine. Mstari ukaanza kurukaruka.

"Endelea, daktari. Mzima huyu."

Yesaya akashusha pumzi. "Kumbe na wafupi mnaona mbali."

Kazi ilipokwisha, Tusekile alitoka kwenda kumgombeza aliyempaka mafuta.

"Mama, nani alimpaka Jastin mafuta wakati alishaogeshwa?"

"Mimi, mwanangu," alisema Fausta, kidevu juu. "Kopo zima. Ningempeleka mbele ya madaktari amepauka, waseme hana ndugu?"

Tusekile alijiandaa kukunja uso, uso ukakataa. Alimweleza taratibu jinsi stika zilivyoteleza na walivyokaribia kumbomoa mtoto kifua. Fausta akakaa chini, kitenge kikamwanguka begani.

"Sasa nimemuua?"

"Hujamuua, mama. Anakojoa."

"Figo ya Witness ndiyo inakojoa?"

"Hiyo hiyo. Mfuko wa kwanza umejaa, tumeweka wa pili."

Fausta akapiga vigelegele, mlinzi akaja mbio. Fausta akamshika mkono, akamwambia, "Baba, mtoto wetu amekojoa!" Mlinzi akampa hongera, akidhani ni kichanga.