Kidole cha Pompiye

Mimi ni mtu wa hasira, nasema mapema ili asije mwingine akanisemea. Siku mke wangu alipoondoka na binti zetu wawili, mvua ikinyesha, kila mmoja na kifurushi kichwani, sikuwasindikiza. Nilibaki mlangoni nimekunja mikono kama askari wa barabarani.

Nyumba yetu ilikuwa imeungua mwezi mmoja kabla. Ilikuwa ya mabao, yaani mbao tupu, kama zote za kilima chetu pale Butembo, nayo iliungua mchana kweupe. Majirani walikimbia na bido zao, madumu ya maji, siwezi kuwasingizia, lakini maji yetu yako bondeni kwenye chemchemi, na kupanda na bido ya lita ishirini si mchezo. Ya kwanza ilipofika, paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Vitenge vyote alivyokuwa akiuza mke wangu vilikwenda, na cherehani yake pia. Tulipanga nyumba nyingine, ya mabao vilevile. Yeye hakulala humo hata siku moja. Alikaa karibu na mlango, viatu miguuni, akinusa.

Mwishowe akaniambia, "Miye hapana kulala tena mu nyumba ya mabao, fasi maji iko kule chini. Ninaenda kwa mama, Luofu. Siku utapata kitu ya kuzima moto, ukuye kunichukua."

Alisema mambo mawili: nipate kitu, na nije. Mimi nilishika la kwanza tu.

Kitu chenyewe nilikiona Mavivi, kwenye uwanja wa ndege wa Beni, nilipoitwa kutengeneza jenereta. Nyuma ya stoo, ndani ya matete, kulikuwa na gari la kuzima moto la jeshi, rangi nyekundu juu ya kijani cha zamani. Jeshi lilipokimbia waasi liliacha kila kisichotembea. Afisa wa pale, mtu wa mkoa mwingine ambaye serikali yake ilikuwa imemsahau kama ilivyosahau gari, alicheka mpaka akakohoa. "Lakini fundi, hii ni maiti! Ukiweza kuibeba, beba." Akanigongea muhuri kwenye karatasi.

Lori la mbao lilinikokota kutwa nzima mpaka Butembo. Mimi nilikaa kwenye usukani wa ile maiti, haina breki, mnyororo mbele yangu ukikaza na kulegea, na kila mteremko nilisali rozari kwa sauti. Watu wa kilima walipoiona waliiita pompiye, Kifaransa cha zimamoto, na jina likabaki.

Kazi ilichukua misimu miwili ya mvua. Tangi lilikuwa na matundu ya risasi. Niliyaziba kwa shaba ya vitasa na mabomba ya zamani. Mipira ya maji ilikuwa imepasuka, nikaifunga kwa vipande vya shambrea, mipira ya ndani ya matairi. Pampu ilivuja kwenye mhimili, basi nikasokota kamba ya katani, nikaichovya katika mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na unga mweusi wa mabetri ya redio, nikaishindilia mpaka ikatii. Mfereji wa paa la karakana yangu niliuelekeza ndani ya tangi, mvua ikanisaidia kujaza. Yaliyopungua niliyavuta bondeni kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, bido tatu kila safari.

Nilipika bugali mara moja kwa siku mbili. Jioni niliongea na pompiye, na sioni haya kusema, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea naye. Kiti cha abiria kilikuwa chuma kitupu. Nilikishonea godoro, nikalivisha kitenge cha maua ya manjano, cha aina ambayo mke wangu alikuwa akikataa kuiuza mpaka mteja abembeleze. Nilimwona kwa mawazo amekaa pale tukirudi kutoka Luofu, watoto katikati yetu, mimi nikipiga honi kila kijiji.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alileta maharagwe sokoni kwa lori kila baada ya wiki mbili. Kila mara alisimama karakanani na swali lile lile.

"Dada anauliza, utakuya siku gani?"

"Mwambie pampu bado."

Safari nyingine nikasema breki bado. Safari nyingine nikamfokea kwamba gari si muhogo, halichomwi likaiva.

Halafu siku moja injini iliwaka. Nilifungua pampu na maji yakaruka juu ya paa la karakana, yakapita, yakamwangukia muuza makala, yaani makaa, wa upande wa pili, mama mmoja mwenye mdomo mkali. Alinitukana kisha akacheka. Watoto wote wa kilima walikuja kuoga. Nilikuwa nimeshika mpira, nimelowa, natafuta kwa macho mtu wa kumwonyesha, na yule niliyemtaka alikuwa Luofu.

Nilipaswa kuondoka kesho yake. Kwetu mke akirudi kwa wazazi, mwanaume anamfuata mwenyewe. Anabeba kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anakaa chini, anasomewa makosa yake mpaka wasemaji wachoke, ndipo anarudi na mke wake. Hapana njia nyingine. Hata mjinga anajua.

Lakini kesho yake alikuja komanda wa wale waasi waliokuwa wameshika mji. Aliizunguka pompiye mara mbili, akagonga tangi kwa fimbo. "Hii mutuka inaweza kubeba batu ngapi?"

Nilimwambia inabeba maji. Akasema watarudi.

Miaka ile kila mwenye gari Butembo alijua la kufanya. Ukilala, ng'oa kitu ili wasiweze kuliwasha. Mmoja alichomoa betri, mwingine alifukia pampu ya mafuta chini ya migomba. Mimi nilichomoa kidole. Ndivyo mafundi tunavyokiita: kipande kidogo kinachozunguka ndani ya delko ya injini na kugawa moto wa umeme kwa mabuji, zile plagi zake. Kinaenea kiganjani, na bila hicho unaweza kusukuma gari mpaka Beni lisiwake. Cha pompiye kilikuwa cha namna ya zamani. Mji mzima haukuwa na cha pili.

Basi nikakifichie wapi? Hapo nikajiona mjanja. Nilikitia ndani ya mfuko wa chumvi, nikaushona, nikampa shemeji. "Mpelekee dada yako. Mwambie pompiye inawaka. Akuje nacho."

Aliupima mfuko mkononi. "Shemeji, uende weye mwenyewe."

"Nikienda wataikokota."

"Na akikataa?"

"Aka! Akatae nini? Nenda!"

Askari wa komanda walirudi kweli. Dereva wao alibonyeza, akabonyeza tena, akapiga teke tairi, wakaondoka zao. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Kisha nikafagia karakana, nikanunua shuka mpya, nikaanza kungoja. Soko la kwanza likapita, shemeji haonekani. La pili likapita.

Alhamisi moja, kama saa tisa alasiri, pasi ya makala ilianguka kwa fundi cherehani aliye mteremkoni, chini ya karakana yangu. Nilisikia kelele kabla ya kuona moshi. Watu walipanda mbio, "Fundi! Pompiye! Toa pompiye!" na mimi nikafungua boneti, kana kwamba kidole kingeweza kuwa kimejiotea. Yesu Maria! Tangi limejaa hadi mdomoni, pampu nzima, mipira imekunjwa vizuri mahali pake.

"Inakosa nini?" aliuliza mama muuza makala.

"Kidole chake. Kiko Luofu."

"Luofu? Moto iko hapa, weye umetuma dawa Luofu?"

Tulitoa breki, wanaume wakasukuma, pompiye ikateremka kimya kama jeneza mpaka karibu na moto. Nilifungua bomba la chini na watu wakakinga ndoo, wakapokezana mkono kwa mkono. Nyumba saba ziliungua. Ya nane ilipona kwa yale maji, na mwenyewe alinishika mikono miwili akisema "Wasingya, wasingya," asante kwa Kinande, na kila asante ilinichoma. Wale saba hawakunisalimu tena.

Shemeji alikuja Jumanne. Hakukaa. Aliweka mfuko wa chumvi juu ya meza yangu ya kazi. Uzi ulikuwa wangu, haujakatwa.

"Dada aliposikia kwa watu kwamba pompiye inarusha maji, alifunga mizigo," alisema. "Kila siku ya soko alikaa barabarani na watoto, akikungoja weye. Halafu nikafika na hii." Alitazama chini. "Anasema, bwana anakuya kuchukua bibi, hapana kutuma chuma kumwita. Na moto nayo amesikia. Anasema rudishia yeye kitu yake, asiseme ni miye nilichoma kilima."

Nilikata uzi, nikapangusa chumvi, nikakirudisha kidole. Pompiye iliwaka kwa jaribio la kwanza. Niliizima, na kidole sikukitoa, moto mwingine usije ukaikuta imekufa. Nilinunua kasiksi, nikapanda lori la shemeji, karakana wazi nyuma yangu.

Luofu walinikalisha kwenye kigoda. Wazee wa mke wangu walinisomea makosa yangu kuanzia mvua ile ambayo sikuwasindikiza. Wakasema mpaka wakachoka, na nilikubali yote, hata yale ya uongo. Jikoni moshi ulikuwa ukitoka na nilisikia sufuria zikigongana. Nilijua mikono ile. Walimwita mke wangu mara tatu, hakutoka.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyeniletea maji ya kunawa. Alikuwa amerefuka. Alinimiminia polepole, akanong'ona, "Tata, ni kweli inarusha maji?"

"Inarusha. Inapita paa."

Aligeuka akatazama mlango wa jikoni, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa. Sufuria zilikuwa zimenyamaza. Kisha zikaanza tena, naye akachukua beseni akarudi ndani.

Nilirudi Butembo peke yangu. Karakana ilikuwa tupu, alama za matairi zikielekea barabarani. Askari wa komanda walikuwa wameichukua na kiti chake cha maua ya manjano. Mama muuza makala alitaka kunieleza walivyoiwasha, nikamwambia aache. Kutoka kwenye mfereji wa paa maji yalikuwa yakidondoka chini, pale tangi lilipokuwa, na sikuweka hata ndoo.